Kiti Kimfuate Mtu: Shajara ya Safari ya Viti Mwendo

Jumatatu

Tumemaliza kupakia jua likiwa limeshapanda. Ndani ya lori kuna viti mwendo vya magurudumu manne vyenye fremu fupi, kwa wanaoishi penye sakafu na njia ngumu. Kuna vya magurudumu matatu vyenye fremu ndefu na gurudumu pana mbele, kwa wenye njia za mchanga na mawe. Kuna vya watoto, vyenye viegemeo vya pembeni na kimeza. Kuna pia baiskeli chache za pedeli za mikono, kwa wanaosafiri mbali na wenye nguvu ya kukaa wima bila kushikiliwa. Juu ya hivyo tumepanga mito ya kukalia, marobota ya sponji, mikanda, beringi, mipira ya ndani, spoki, na sanduku langu la spana.

Orodha tuliyotumiwa ina majina 34. Viti ni vingi kuliko majina, na dereva, ambaye ni mgeni katika kazi hii, ameuliza kwa nini tunabeba mzigo wa ziada kwenye barabara mbovu. Ni swali zuri. Ukiwapelekea watu 34 jozi 34 za viatu vya saizi moja, idadi itatimia na wengi watarudi nyumbani pekupeku. Hatujamwona hata mmoja kati ya hawa watu. Orodha inasema "anahitaji kiti" na kuishia hapo. Haitaji upana wa nyonga, wala kama kuna kidonda, wala njia ya kufika kwake ikoje.

Safari ni ndefu, na kwenye lori watu huzungumza. Mtaalamu wetu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, amemweleza dereva kuhusu makadirio ya Shirika la Afya Duniani: watu wapatao milioni 80 duniani wanahitaji kiti mwendo, na wanaokipata ni kati ya asilimia 5 na 35, kutegemea mtu anaishi wapi. Dereva ametikisa kichwa. Mimi naongeza jambo ambalo takwimu hizo hazilionyeshi. Miongoni mwa waliohesabiwa kuwa wamepata, wako wenye kiti kilichowekwa pembeni ya nyumba na kufunikwa turubai kwa sababu hakikaliki. Katika vitabu vya waliokitoa, mtu huyo ameshahudumiwa.

Mwongozo wa kwanza wa dunia kuhusu viti vya kusukuma kwa mikono katika maeneo yenye rasilimali chache ulitoka mwaka 2008, ukitokana na mkutano uliofanyika Bengaluru, India, mwaka 2006. Ulieleza kiti kinachofaa kwa masharti yanayoeleweka na yeyote: kikidhi mahitaji ya mtumiaji na mazingira yake, kimkae vizuri na kumshikilia mwili, kiwe salama na imara, na kipatikane na kutengenezeka nchini mwake kwa gharama inayobebeka. Mwaka 2023 ulitoka mwongozo mpya ambao umeikusanya huduma katika hatua kuu nne, yaani kuchagua, kurekebisha, kufundisha na kufuatilia. Kukabidhi hakukutajwa kama hatua ya peke yake, na mimi nafurahi kwamba ni hivyo.

Jumanne

Kituo cha afya tulichofikia kina banda nyuma ya jengo, na ndani ya banda kuna viti mwendo vilivyokufa. Vyote ni vya aina moja: mabomba yanayong'aa, kitambaa cha plastiki kilicholegea katikati, magurudumu madogo ya mbele ya mpira mgumu na mwembamba. Vilikuja kwenye kontena miaka kadhaa iliyopita. Muuguzi mkuu anasema siku ya kuvigawa kulikuwa na hotuba na picha nyingi. Baadaye vikaanza kurudi, kimoja kimoja.

Fremu ile ina asili ya heshima. Miaka ya 1930 huko Marekani, Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyekuwa amevunjika mgongo kazini, alishirikiana na mhandisi mwenzake Harry Jennings kutengeneza kiti cha mabomba kinachokunjika ili kiingie ndani ya gari. Kwa mtu mwenye gari na njia ya lami mlangoni, kilikuwa ukombozi. Toleo lililojaa kwenye banda hili ni mjukuu wa hospitali: kimekusudiwa kumvusha mgonjwa kutoka wodi moja hadi nyingine, akisukumwa na mtu mwingine, kwa dakika chache. Mpe kiti hicho hicho mtu atakayekikalia tangu alfajiri hadi usiku, ajisukume mwenyewe kwenye mchanga. Gurudumu la mbele litazama, kitambaa kitabonyea, nyonga zitateleza mbele, na mwili utaanza kuoza pale mfupa unapokutana na kitambaa.

Sitii chumvi. Kijana wa kwanza kumpima leo alivunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akilijenga. Amekuja na kimojawapo cha viti vya kontena, amekalia blanketi lililokunjwa.

"Kaka, kwenye kiti unakaa muda gani kwa siku?" mtaalamu wetu amemuuliza.

"Tangu nikiamka hadi nikilala, dada. Kitandani nitafanya nini?"

Nyuma ya pazia amelala kifudifudi na kukaguliwa ngozi. Juu ya mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo kuna baka lililobadilika rangi, na likibonyezwa kwa kidole halififii. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo. Mtu asiye na ganzi hujigeuza bila kufikiri pale anapokaa vibaya. Huyu hana taarifa yoyote kutoka chini ya kiuno, kwa hiyo mfupa unaibana nyama, damu haipiti, na nyama inakufa kimya kimya. Baka leo, tundu baada ya wiki kadhaa, na likifika mfupani maambukizi yanaingia kwenye damu. Waliovunjika uti wa mgongo wengi katika maeneo yasiyo na huduma wanauawa na kidonda ambacho mto mzuri ungekizuia, wakati ajali yenyewe waliinusurika.

Tumempima. Upana wa nyonga, kwa sababu ndio upana wa kukalia. Kikizidi, mtu huegemea upande mmoja na mgongo hupinda. Urefu wa paja kutoka nyuma ya nyonga hadi nyuma ya goti, kisha tunapunguza sentimita 3 hadi 6 ili ukingo usimkate nyuma ya goti wala kumvuta mbele. Urefu wa muundi, ili kikanyagio kiwe mahali pa kuyaacha mapaja yalale yote juu ya mto na kubeba sehemu ya uzito. Mgongo hadi ncha ya chini ya mfupa bapa wa bega, ili kiegemeo kimshike bila kumzuia kupeleka mikono nyuma anaposukuma. Kiti alichokuwa nacho kimemzidi upana kwa zaidi ya sentimita 8.

Amechaguliwa kiti cha magurudumu matatu na mto wa sponji wenye bonde pale mifupa ya makalio inapokaa. Alipokaa, dada mtaalamu amepenyeza mkono chini yake, kiganja juu, hadi kwenye ncha ya mfupa. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Vidole vikiweza kuchezacheza juu na chini, mgandamizo ni salama. Visipoweza kucheza lakini vikatoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa hadi kuvitoa ni kazi, hapo ni hatari na mto haufai. Mara ya kwanza tulipata onyo upande wa kushoto. Nikachonga sponji kidogo, nikaongeza kipande upande wa nje chini ya paja, akakaa tena. Vidole vikacheza.

Hata hivyo hajaruhusiwa kukikalia mchana kutwa. Ameambiwa alale kwa tumbo kila siku hadi baka lipotee, na aanze na saa chache. Hakufurahi. Alikuwa amepanga kutoka na kiti kipya leo leo.

Jioni nimeomba ruhusa ya kufungua viti vya bandani. Rimu nyingi ni nzima, na spoki zitatusaidia.

Jumatano

Siku nzima nusu yake imekwenda kwa mtoto mmoja, na ningeombwa kuirudia ningeirudia vilevile.

Ana miaka minne na mtindio wa ubongo. Amekuja mgongoni mwa bibi yake, maana mama yake anafanya kazi mbali. Kichwa kinaanguka mbele, miguu inapishana kama mkasi, na akisisimka mwili wote unanyooka na kukakamaa. Bibi hajawahi kuwa na kiti; humlisha akiwa amemlaza mapajani.

"Shikamoo, bibi. Anapokula anapaliwa?"

"Marahaba, mwanangu. Anapaliwa kila siku. Na kikohozi hakimwishi."

Mtoto wa namna hii akilishwa amelala, chakula hupita njia ya hewa, na kifua huugua tena na tena. Watu husema mtoto ni dhaifu. Mara nyingi kinachokosekana ni mahali pa kukaa wima. Kwa hiyo kiti chake ni suala la mapafu kabla halijawa suala la kutembea.

Mtaalamu alianza na nyonga. Wageni wa kazi hii hukimbilia shingo, kwa kuwa ndiyo inayoonekana imeshindwa, wakafunga kichwa kwa kitambaa. Lakini nyonga ndizo msingi. Zikiegemea nyuma, mgongo unajikunja na kichwa hakina pa kwenda ila chini. Alimkalisha bibi kwenye benchi, akampakata mtoto mbele yake, akamshika nyonga kwa mikono miwili na kuzisimamisha sawasawa. Baada ya muda kidogo kichwa kilipanda. Kiliyumba, kikashuka, kikapanda tena, kikatazama.

Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Mimi nilidhani shingo yake ndiyo iliyokufa. Kumbe kiuno ndicho kilikuwa hakina pa kushika."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, hata darasani.

Kilichobaki kilikuwa kukifanya kiti kifanye kazi ya ile mikono miwili. Nimeweka mkanda wa nyonga unaovuta kwa pembe kuelekea chini na nyuma; ukipita tumboni mtoto huteleza chini yake na unaweza kumkaba. Nimekata sponji yenye kizingiti mbele ya mifupa ya makalio ili asiteleze, nikaweka kigawanyo laini katikati ya magoti, na viegemeo vya mbavu pande zote mbili. Kimeza kimewekwa kwenye urefu wa viwiko ili mikono ipumzike. Kila kifaa tulikijaribu, tukamtoa mtoto, tukarekebisha, tukamrudisha. Alilia, akalala, akaamka. Wengine wanaosubiri nje wameanza kunung'unika na nawaelewa, lakini kiti cha mtoto kama huyu kisiporekebishwa kinakuwa gereza lenye magurudumu.

Kila kitu kimefungwa kwa bolti zinazosogezeka. Atakua, na kiti kikue naye hadi kitakapomshinda.

Baada ya hapo tumewaona watu sita kwa haraka. Mzee aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia amepewa kiti kilichoshushwa ili kisigino cha mguu mzima kiguse sakafu; anasukuma kwa mkono wa kushoto na kujivuta kwa mguu huo huo. Kikiwa na urefu wa kawaida angekuwa mtu wa kusubiri kusukumwa.

Alhamisi

Leo tumefunga vyumba vya kituo na kwenda majumbani. Nashikilia kwamba siku hii ndiyo yenye mavuno kuliko zote, ingawa ndiyo ya kwanza kufutwa bajeti inapopungua.

Mwalimu mstaafu amekatwa miguu yote miwili juu ya magoti kutokana na kisukari. Miguu ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na ikiondoka, kitovu cha uzito kinarudi nyuma. Kiti cha kawaida humpindua mtu huyu chali kwenye mwinuko wa kwanza. Ekseli ya kiti chake nimeisogeza nyuma hadi tundu la mwisho. Alipopanda mteremko mdogo wa uani, mkewe alisimama nyuma yake mikono mbele. Hakuanguka.

Tatizo lilikuwa mlango. Una upana wa sentimita 66, na kiti kutoka pete ya kusukumia hadi pete ya pili ni 63. Kwenye karatasi kinapita. Lakini vidole vinavyosukuma pete vinahitaji nafasi, na mwalimu ametuonyesha: amesukuma mara moja na ngozi ya nyuma ya kidole ikabaki kwenye fremu. Seremala jirani ameitwa, ameangalia, amesema fremu ya mlango inaweza kubanduliwa na mlango uwekwe pazia kwa sasa. Mwalimu ametaka mlango, si pazia. Ni nyumba yake, na ana haki ya kufunga. Wamekubaliana uvunjwe ukuta kidogo upande mmoja.

Kizingiti cha mbele kina kimo cha sentimita 20. Jamaa wametaka kumwaga zege pale pale kama kilima kifupi. Tumewaeleza kanuni: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Yaani mteremko wa mita 2 na sentimita 40. Wamepima kwa hatua uani wakaona nafasi ipo iwapo utaelekezwa upande wa kisima.

Nyumba ya mwisho iko juu ya kilima, njia ni mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua. Anakaa mama aliyeugua polio utotoni, mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Orodha inasema "kiti mwendo". Amecheka akasema, "Kiti hapa nitakipeleka wapi, mdogo wangu? Mimi hapa natembea kwa mikono. Ninachokitaka ni kitu cha kunifikisha sokoni kule bondeni." Amepewa baiskeli ya pedeli za mikono, itakayokaa chini barabarani kwa shemeji yake, na glavu za ngozi kwa ajili ya njia ya kilimani. Tungekuwa wa kugawa tu tungemwachia kiti kizuri, naye angekishukuru, kisha kuku wangetagia ndani yake.

Ijumaa

Mafunzo. Waliopimwa wamerudi, na mwalimu wao ni mwenzetu ambaye mwenyewe anatumia kiti tangu utotoni. Nimeshaona wataalamu wengi wakieleza jinsi ya kujiepusha na vidonda, watu wakiitikia kwa adabu. Yeye akieleza, wanauliza maswali: mkojo, kitanda cha ndoa, namna ya kutoka chooni bila kuburuta makalio sakafuni. Hakuna kati yetu tunaotembea anayeulizwa hayo.

Amewafundisha kupunguza mgandamizo kwa kuinama hadi kifua kiegemee mapaja, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, na kukaa hivyo kwa muda ili damu irudi. Kujinyanyua kwa mikono kunaonekana ni ushujaa, lakini hakuna anayeweza kukaa juu muda wa kutosha, na mabega yakichakaa ndiyo miguu yenyewe imechakaa. Amewafundisha kusukuma kwa mkono mrefu unaoanzia nyuma, badala ya kudonoadonoa juu ya gurudumu. Kisha akawaonyesha kuinua magurudumu ya mbele na kusawazisha kiti juu ya yale makubwa, mtu akiwa amesimama nyuma kushika. Huo ndio ujuzi wa kuvuka kizingiti na mfereji. Kijana wa Jumanne, ambaye leo alikuja kwa saa zake chache, aliupata kabla ya wote.

Mchana kiongozi mmoja wa eneo ametutembelea. Ameona viti vilivyobaki kwenye lori na msichana wa miaka tisa, mwenye mgongo wazi, yaani ulemavu wa uti wa mgongo wa kuzaliwa nao, ambaye amepimwa na kukosa. Saizi yake imeisha. Kilichobaki ni cha mtu mzima.

"Mpeni hicho hicho," amesema. "Atakikulia. Mtamrudishaje mtoto mikono mitupu?"

Huyu kiongozi si mtu mbaya. Amesema kile ambacho watu wengi wenye moyo mwema husema, na hatukumjibu haraka. Aliyejibu ni mwalimu wetu. Amevuta shati na kumwonyesha mgongo wake, uliopinda kama unavyoonekana hata nje ya nguo. Alipewa kiti cha mtu mzima akiwa na umri kama wa msichana huyu. Mikono haikufika vizuri kwenye magurudumu, ikabidi asukumwe na wenzake. Ili asianguke upande, alikuwa akiegemea mkono mmoja mchana kutwa darasani. Mifupa ya mtoto inafuata pale inapoegemezwa. Alipofikia umri wa kukitosha kile kiti, mgongo ulikuwa umeshakubali.

Mimi nimeongeza jambo la sheria, kwa kuwa kiongozi alitaka kitu cha kuwaambia wenzake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na kifungu chake cha 20 kinazitaka nchi kuhakikisha mtu anatembea kwa uhuru mkubwa iwezekanavyo, kwa vifaa bora na gharama anayoimudu. Kiti kinachomfanya mtoto asukumwe wakati ana mikono mizima kinaipunguza haki hiyo.

Uamuzi tumemwachia mama mzazi. Ameuliza swali moja: "Mkisema nisubiri, nisubiri hadi lini?" Nimepiga simu bohari nikiwa mbele yake. Kiti cha saizi yake kipo na kitakuja na gari la dawa. Muuguzi mkuu ameandika tarehe kwenye daftari lake na kumpa mama nakala. Mtaalamu wa fiziotherapia wa wilaya atamrekebishia. Mama amekubali. Msichana hakukubali, amelia hadi wameondoka, na mimi sikuwa na neno la kumwambia.

Jumamosi

Leo ni siku ninayoipenda, siku ya karakana. Fundi baiskeli wa hapa ana kibanda, pampu, viraka, na mtambo wa kuchomelea anaoushirikiana na jirani. Tumemletea viti vitatu vya mfano avifungue mwenyewe. Gurudumu la nyuma analijua kuliko mimi: tairi, mpira wa ndani na spoki ni vya baiskeli. Beringi akaishika, akaigeuza, akasoma namba iliyochongwa pembeni, na kusema anazo zile zile za pikipiki.

Hilo halikutokea kwa bahati. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alifika Nicaragua mwaka 1980 akakuta vijana wakishirikiana kiti kimoja na kukitengeneza wenyewe kwa vyuma walivyovipata. Maisha yake ya kazi yaliyofuata aliyatumia kubuni viti pamoja na watumiaji na mafundi wa nchi nyingi, vyenye fremu ndefu na magurudumu ya mbele mapana, kwa vipuri vinavyouzwa penye baiskeli. Mwaka 1991 Waingereza David Constantine, ambaye naye anatumia kiti mwendo, na Simon Gue walikwenda Bangladesh kuanzisha karakana kwa kutumia kiti walichokibuni wakiwa wanafunzi. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Motivation. Wabunifu hawa walianza na swali la nani atakitengeneza kikivunjika. Kwa mtazamo wangu, kiti chochote ambacho jibu la swali hilo ni "kirudishwe kilikotoka" kisipakiwe melini kabisa.

Fremu ndefu fundi aliitilia shaka: inachukua nafasi, inazunguka kwa shida ndani ya chumba. Ni kweli, na ndiyo maana hatumpi kila mtu. Nikaweka jiwe sakafuni, nikamkalisha kwenye kile kifupi na kumsukuma polepole. Gurudumu la mbele lilikwama na yeye akaanguka mikononi mwangu. Kwenye kile kirefu gurudumu liligonga likapanda. Hakuhitaji maelezo ya ziada. Ameanza kunieleza mimi.

Binti mmoja kati ya waliopewa kiti amekuwepo tangu asubuhi akitazama. Ameomba afundishwe kuziba pancha na kukaza spoki. Fundi amesema mkono wa kukaza spoki unataka subira, si miguu, na kwamba aje Jumatatu. Nimewaachia rimu za bandani, beringi, na sponji nzito ya kutosha kwa mito ya mwaka mzima. Sponji ndiyo kipuri kinachosahaulika. Kiti kinaweza kudumu miaka na mto wake ukafa mapema, nao ukifa haulii kama chuma. Unabonyea tu na kuendelea kuonekana mzima.

Jumapili

Mapumziko. Mvua. Tumejaza fomu.

Jumatatu

Tunarudi kwa njia nyingine ili tuwaone waliopewa viti mwaka jana. Wa kwanza hatukumkuta. Amekwenda kazini, mama yake anatuambia kama jambo la kawaida.

Wa pili tumemkuta, na kiti ni kizima, kimepakwa hata rangi. Mto umekwisha. Nilipouondoa ganda na kubonyeza sponji kwa kidole gumba, niligusa mbao. Dada amefanya kipimo cha mkono na vidole vyake vimebanwa. Ngozi imekaguliwa: pande zote mbili kuna mabaka, bado hayajafunguka. Anasema hakuhisi chochote, na ni kweli, hawezi kuhisi.

Mto mpya ameupata hapo hapo. Tumempa kioo kidogo, naye na mdogo wake wamefundishwa upya kukagua ngozi kila jioni, na dada amewataka warudie mbele yake hadi aridhike. Fundi wa wiki hii yuko umbali wa safari moja ya basi kutoka hapa. Nimewapa namba yake, nimempigia, na amekubali kukata mito kwa vipimo nitakavyomtumia. Tumempangia muuguzi wa kijiji tarehe ya kuja kutazama mabaka.

Kisha nimetoa orodha ya wale 34. Waliopata kiti ni 27. Mmoja amepata baiskeli. Wawili wameonekana hawahitaji kiti, wanahitaji magongo na mazoezi. Mmoja amepelekwa hospitali kwanza kwa ajili ya kidonda. Watatu wanasubiri saizi yao, na msichana wa mgongo wazi ni miongoni mwao. Mfadhili ataniuliza kwa nini hatukutimiza idadi. Ripoti nimeianza na hao watatu, pamoja na vipimo vyao na tarehe walizoahidiwa.